Mali ya Abdulla: tangazo linalomsemea mnunuzi

Katika maduka ya kanga ya Mtaa wa Biashara, Mombasa, mnunuzi akishavutiwa na rangi huwa bado hajanunua. Muuzaji anaikunjua doti, anaivuta upande wa chini, na mama anainama kidogo kusoma. Anatafuta jina, yaani maneno yaliyochapwa hapo. Likimgusa, anauliza bei. Lisipomgusa, kanga inakunjwa na kurudi rafuni hata kama maua yake yanapendeza. Pamba ni ile ile na bei ni ile ile. Maneno matatu au manne ndiyo yaliyoamua.

Nimeichagua kanga, au leso kama wenyewe wa Mombasa wasemavyo, iwe mfano wa tangazo kwa sababu wafanyabiashara wadogo wanaotaka kujua namna ya kuandika tangazo huwa wanaiga makampuni ya simu na ya vinywaji. Makampuni hayo yana fedha za kurudia neno moja redioni asubuhi, mchana na jioni mpaka likukae kichwani utake usitake. Mwenye duka la vitenge, fundi wa friji au mama lishe hana fedha hizo. Anayo nafasi moja: bango la mlangoni, au picha kwenye simu ambayo mtu ataipitisha kwa kidole kabla hajamaliza kupumua. Kanga ilitengenezewa nafasi ya namna hiyo hiyo, na imeshinda kwa zaidi ya miaka 100.

Kaderdina Hajee Essak alikuwa mfanyabiashara wa Mombasa, na watu walimfahamu kwa jina la Abdulla. Duka lake lilianza mwaka 1887. Kanga yenyewe ilikuwapo tayari, kwani katika karne ya 19 wanawake wa Unguja na pwani walikuwa wanaunga leso za mraba kupata vazi moja, na baadaye wafanyabiashara wakaagiza kitambaa kizima kilichochapwa kwa mfano huo. Anachonasibishwa nacho Abdulla ni hatua iliyofuata, mwanzoni mwa karne ya 20, ya kuweka maneno ya Kiswahili juu ya nguo. Mwanzo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi za Kilatini. Mpangilio huo unaeleza kitu. Wanawake wa pwani waliosoma walikuwa wamesoma chuoni, yaani chuo cha Kurani, kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo mfanyabiashara alianza na maandishi ambayo mteja wake aliyajua tayari, na watoto wa shule walipoongezeka, herufi zikabadilika. Mabango mengi mjini leo yamesahau jambo hilo la msingi kabisa. Utaona duka la mtaa wa Kiswahili kitupu limejieleza kwa Kiingereza cha kubahatisha, na mteja anapita akidhani pale si pake.

Tuangalie sasa kilichoandikwa. Mfanyabiashara mwingine yeyote angeandika kwamba kitambaa chake hakichuji, kwamba pamba yake ni nzito, kwamba bei yake ni ya chini kuliko ya jirani. Hayo yote yangeweza kuwa kweli, na yote yanamhusu muuzaji. Kanga haikusema lolote juu ya kanga. Ilisema: Hasidi hana sababu. Ilisema: Wasemao na waseme. Ilisema: Wawili wakipendana adui hana nafasi. Ilisema: Nani kama mama.

Ukiyapima maneno haya kama matangazo utagundua kwamba yana watu watatu. Tangazo la kawaida lina wawili, anayeuza na anayenunua, na muda wote anayeuza anamshawishi anayenunua. Kwenye kanga muuzaji amejitoa. Anayesema ni mnunuzi, na anayeambiwa ni mtu wa tatu ambaye hayupo dukani: jirani mwenye maneno, wifi asiyeridhika, mume aliyeanza kuchelewa kurudi, mama aliyelea peke yake. Mwanamke anayeingia dukani ana neno limemkaa kooni, neno ambalo adabu au hofu ya ugomvi inamkataza kulitamka. Muuzaji amemwandikia. Anachonunua ni sauti, na kitambaa kinakuja nayo.

Hapa ndipo ninapoona kiini cha ufundi wote. Watu hawakosi pesa ya kanga moja. Wanakosa sababu ya kununua kanga ya 10 wakati tisa ziko kabatini. Rangi mpya ni sababu dhaifu. Neno jipya ni sababu nzito, kwa kuwa lile la mwaka jana lilikuwa la mtu mwingine na kisa kingine.

Halafu jina hilo likawa ndilo jina la bidhaa. Mnunuzi haulizi kanga namba fulani. Anauliza kama Hasidi hana sababu imebaki. Kila anapoulizwa na shoga yake kanga ile aliipata wapi, anataja maneno yale yale, na tangazo linatembea bila gharama. Jiulize ni maneno gani ya bango lako ambayo mteja anaweza kuyatumia kumwelekeza mwenzake. Kama hakuna, atasema tu "yule wa pale kwenye kona", na kona ina mafundi wanne.

Sasa tuingie ndani ya sentensi zenyewe. Hesabu mizani ya Wasemao na waseme: wa-se-ma-o-na-wa-se-me. Nane. Hasidi hana sababu: ha-si-di-ha-na-sa-ba-bu. Nane tena. Wawili wakipendana, nane. Adui hana nafasi, nane. Hicho ndicho kipimo cha kipande kimoja cha shairi letu, na sikio la Mswahili limelelewa nacho tangu kaswida za chuoni na nyimbo za kubembelezea watoto. Sentensi yenye mizani nane haihitaji kukaririwa, inajikariri. Sidai kwamba kila aliyetunga jina la kanga alikaa akahesabu kwa vidole. Majina mengi ni methali zilizokwisha kung'arishwa na vinywa vya watu, na mengine hayafuati kipimo hicho. Ila mfanyabiashara aliyekuwa anachagua lipi lichapwe na lipi liachwe alikuwa anasikiliza, na yaliyodumu ndiyo yanayotamkika.

Mfano ninaoupenda zaidi ni huu: Naogopa simba na meno yake, siogopi mtu kwa maneno yake. Nusu ya kwanza ina mizani 11, ya pili 12. Angalia vina. Meno yake, maneno yake. Tofauti ni "me" kugeuka "ma-ne", na badiliko hilo dogo ndilo linalogeuza maana yote, kwani silaha ya mnyama imekuwa silaha ya jirani, na ya kwanza inaogopesha kuliko ya pili. Naogopa inajibiwa na siogopi. Simba anajibiwa na mtu. Hakuna neno hata moja ambalo mtoto wa darasa la pili halijui, hakuna sifa wala neno la kukuza mambo kama "sana", "kabisa" au "mno". Nguvu inatoka kwenye mpangilio. Ukiondoa neno moja, jengo linaanguka, na hicho ni kipimo kizuri cha maandishi ya tangazo. Chukua "huduma bora na bei nafuu kwa wateja wetu wote wapendwa", ondoa maneno matatu yoyote, na uone kama kuna kilichopungua.

Mahali pa maneno napo palifikiriwa. Kanga ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji katikati, na jina linakaa ndani ya kisanduku chembamba sehemu ya chini ya mji, kwa herufi kubwa, mstari mmoja, mara nyingi bila nukta wala koma. Ikifungwa kiunoni au kutupwa mabegani, jina linaangukia nyuma. Maana yake mvaaji halisomi. Anayelisoma ni aliyebaki nyuma yake, na akimaliza kusoma mvaaji ameshapiga hatua kadhaa mbele, hajibiki. Mwandishi wa maneno haya alijua msomaji atasimama wapi, atakuwa umbali gani, na ana muda kiasi gani. Urefu wa sentensi umetokana na hapo. Maneno 15 yasingesomeka kwenye kiuno kinachotembea.

Bango la barabarani lina hali hiyo hiyo, isipokuwa kinachotembea ni msomaji. Yuko ndani ya daladala, dirisha lina vumbi, na dereva hatapunguza mwendo kwa ajili yako. Hata hivyo tunaandika orodha: vocha, fotokopi, passport size, kutoa na kuweka pesa, kuchaji simu, maji baridi. Kila kitu kimeandikwa kwa ukubwa mmoja, kwa rangi tano, na jicho halijui liangukie wapi.

Kuna maandishi mengine kwenye kanga ya Abdulla, madogo, pembeni kabisa: K.H.E., MALI YA ABDULLA. Haya hayabadiliki. Jina la kanga linabadilika toleo baada ya toleo, ila alama ile inabaki pale pale, kwa ukubwa ule ule, na wanawake wamejifunza kuitafuta kwa jicho kabla hawajafungua mkoba. Kwa hiyo nguo moja ina maandishi mawili yenye kazi mbili. Kubwa linamhusu mteja na linabadilika. Dogo linamhusu mwenye mali na limetulia. Mabango yetu yamepindua mpango huo. Jina la duka limejaa robo tatu ya ubao, mara nyingi na neno "Enterprises" mwishoni, na kitu pekee kinachomhusu mpita njia kimebanwa chini kama maelezo ya dawa. Mpita njia hakujui. Jina lako litakuwa na maana kwake akishaonja kazi yako.

Kanga za zamani zilikuwa na ugumu mwingine ambao mwenye simu mkononi haujui. Kwa miongo mingi zilichapwa nje, India, Japani, Uholanzi, Uingereza, kisha zikasafirishwa kwa meli. Ukiagiza jina leo, marobota yatafika baada ya muda mrefu, na ukikosea herufi umekosea kwenye kila doti. Mfanyabiashara katika hali hiyo hawezi kutegemea kisa cha wiki hii. Anahitaji neno litakalokuwa bado linawasha siku mzigo ukiteremshwa bandarini. Ndiyo maana majina yaliyodumu yamesimama juu ya mambo ambayo hayana msimu: wivu, mapenzi, mama, jirani, riziki, Mungu. Anayeandika kwenye simu anaweza kubadilisha kila saa, na urahisi huo unamfanya aandike neno la kwanza lililomjia.

Mtu anaweza kusema haya ni mambo ya pwani na ya wanawake wa mjini, hayahusiani na kuuza vitu vingine. Lakini mwaka 1926, huko Marekani, kijana mmoja mwandishi wa matangazo aitwaye John Caples alipewa kazi ya kuuza kozi ya muziki inayofundishwa kwa posta. Angeweza kuandika juu ya masomo rahisi na walimu hodari. Kichwa chake, kwa Kiswahili, kilisema hivi: Walicheka nilipoketi kwenye piano, lakini nilipoanza kupiga! Chini yake kulikuwa na kisa kirefu cha mtu kwenye tafrija ambaye rafiki zake walimdharau, kisha wakanyamaza walipomsikia. Masomo ya posta yanatajwa baadaye, msomaji akishaiona sebule yake mwenyewe na nyuso za watu wake. Tangazo hilo likawa moja ya matangazo maarufu kuliko yote ya nchi ile.

Angalia watu waliomo: muuzaji, mnunuzi, na waliocheka. Ni watatu. Caples hakuwahi kuvaa leso, ila alikuwa amefika kwenye chumba kile kile kwa mlango mwingine. Anayenunua kozi ananunua jibu la kuwapa waliomcheka. Ukiyafupisha maneno ya Caples mpaka ibaki mizani nane utapata kitu ambacho kingeweza kuchapwa kwenye mji wa kanga.

Basi tujaribu kwa mikono yetu. Tumchukue fundi cherehani wa mtaa wowote, mwenye cherehani mbili na kijana mmoja wa kumsaidia. Bango lake linasomeka: "Fundi hodari. Tunashona mitindo yote ya kisasa kwa wanawake, wanaume na watoto. Huduma bora, bei nafuu. Karibuni wote." Hakuna uongo hapo, na hakuna kitu. Fundi wa jirani angeweza kulitundika bango hilo hilo kwake bila kubadilisha nukta.

Kabla ya kuandika upya, lazima tumtafute mtu wa tatu. Watu husemaje juu ya mafundi? Kila mtu anajua: fundi ni muongo. Njoo kesho. Njoo jioni. Umeme ulikatika. Bibi mwenye sare ya harusi analala kwa fundi usiku wa kuamkia shughuli, pindo linashonwa amelivaa, na asubuhi kwenye kamati wanamtazama. Hofu ya mteja ni aibu ile mbele ya wenzake, kuliko hata bei. Mstari wa kwanza uende huko moja kwa moja. Jaribio la kwanza linaweza kuwa "Tunazingatia muda". Limekaribia, ila ni maneno ya ofisini, na kila aliyechelewesha nguo amewahi kuyasema. Jaribio la pili: "Nguo yako itakuwa tayari kabla ya harusi". Sasa kuna harusi, kuna picha. Tatizo ni kwamba "kabla" inaweza kuwa saa moja kabla, na mteja mwenye majeraha anajua hivyo. Tunahitaji siku zenye majina.

"Harusi Jumamosi, gauni Jumatano."

Ha-ru-si-ju-ma-mo-si, saba. Ga-u-ni-ju-ma-ta-no, saba. Sifa hakuna, kitenzi hakuna. Siku mbili zimebaki katikati, na mteja anajaza mwenyewe atakachofanya nazo: kupunguza kiuno kama linapwaya, kutafuta viatu, kulala. Mstari huu shangazi wa bibi harusi anaweza kuutupa kwenye kundi la WhatsApp la kamati mtu akiuliza sare zipelekwe wapi: kwa yule wa harusi Jumamosi, gauni Jumatano. Fundi amepata jina ambalo hakulilipia.

Chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, uwekwe ushahidi, kwa kuwa ahadi tupu ndiyo iliyoharibu soko: "Likichelewa, hulipi ushonaji." Kisha bei ya kuanzia ya gauni la sare, imeandikwa waziwazi. Mtindo wa kuficha bei na kumwambia mtu aje inbox unamchosha mnunuzi na kumtia shaka kwamba bei itategemea sura yake. Kisha namba ya simu na alama ya kumfikisha mtu, nyuma ya msikiti, mlango wa kijani. Jina la fundi liwe pembeni, dogo, likae hapo miaka yote.

Ahadi hii ina gharama, na gharama yake iko kwenye daftari. Fundi mwenye cherehani mbili anajua gauni ngapi zinatoka kwa wiki akifanya kazi bila kukesha. Idadi hiyo ikitimia, daftari la wiki lifungwe na mteja wa mwisho aelekezwe wiki inayofuata, hata kama ameshika noti mkononi. Mstari mzuri juu ya kazi mbovu unasambaza ubovu haraka zaidi, kwa kuwa sasa watu wana maneno ya kuusemea. Fundi asiyeweza kufunga daftari asiandike mstari huu. Aandike mwingine ulio kweli kwake. Malalamiko mengine makubwa juu ya mafundi ni vitambaa vinavyopotea, mita tatu zikiingia na gauni la mita mbili likitoka. "Kitambaa chako, mabaki yako", na kila nguo irudi na kifuko cha vipande vilivyobaki. Kifuko hicho kitasimuliwa.

Lazima niseme juu ya vijembe, kwa sababu anayeisoma kanga kwa haraka anaweza kudhani siri yake ni ukali. Siku hizi wauzaji wengi, hasa wa nguo na vipodozi, wanajaza status zao kwa mafumbo ya kuwachoma wauzaji wenzao: wapo wanaoniiga, wapo wasiolala kwa ajili yangu. Kijembe cha kanga ni cha mvaaji. Muuzaji ametandika mafumbo rafuni na kukaa kimya, na kila mteja anachagua lake kwa sababu zake. Muuzaji akianza kurusha mwenyewe, mteja anajikuta shahidi wa ugomvi usiomhusu, na kwenye ugomvi watu hutazama, hawanunui. Mpe mteja neno lake. Lako libaki moyoni.

Caples, katika kitabu alichokitoa mwaka 1932 juu ya matangazo yaliyopimwa, alishikilia kwamba vichwa vya habari vishindanishwe kwa kuhesabu majibu, kwa maana macho ya mwandishi hayaaminiki juu ya kazi yake mwenyewe. Wenye maduka ya kanga walikuwa na kipimo chao: jina lililobaki rafuni limeshajibu. Fundi wetu anaweza kufanya hivyo kwa simu na kalamu. Wiki moja aweke status ya gauni Jumatano, wiki nyingine ya mabaki, picha ile ile na saa ile ile, na kila anayekuja aulizwe alisoma nini kilichomleta. Jibu liandikwe kwa maneno ya mteja mwenyewe pembeni ya vipimo vyake, kwa maana hapo ndipo mstari unaofuata utakapotoka. Mteja akisema "nimekuja kwa sababu nimechoka kudanganywa", fundi amepewa tangazo ambalo hakuna wakala angeweza kumwandikia. Na Idi ikibaki wiki mbili, harusi ishuke kwenye bango, kanzu ipande, siku zibadilishwe, namba ya simu ibaki mahali pake.